Bandeji ya Siku Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kumuumiza mnyama kwa makusudi
Jina la shahidi: Kama kwenye kitambulisho, kazini anaitwa Mama Bandeji
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 57
Kazi: Mfunga vidonda, banda la farasi, shule ya kupanda farasi
Makazi: Nyumba za wafanyakazi nyuma ya banda, chumba cha tatu
Uhusiano na mtuhumiwa: Mama mkwe
Tarehe na saa: 25 mwezi wa tatu, saa sita na nusu mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa wala sikuletwa. Afande ameniambia kwamba nitakayosema yanaandikwa na yanaweza kusomwa mahakamani, nami nimeelewa. Nimemwomba aandike ninavyosema, asinipambe na asinipunguzie.

Nina miaka thelathini na moja katika kazi ya kufunga vidonda vya farasi. Sikuisomea. Nilianza kwa kuzoa mavi, siku moja mfungaji wa zamani akaumwa mgongo, nikashikishwa pamba, na sikuiachia tena. Daktari wa mifugo anakuja, anatazama, anaagiza, anaondoka. Anayebaki na mguu wa mnyama kila asubuhi ni mimi.

Mtuhumiwa ni mume wa binti yangu wa pekee. Ni mtunza farasi katika banda hilo hilo, na kazi nilimwombea mimi. Bandani wanamwita Mpole, na si utani. Ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Binti yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimwambia, mwanangu, huyu hata nzi anamfukuza kwa kumbembeleza. Huyo ndiye mliyemweka ndani siku nane kwa kumkata mnyama mgonjwa.

Farasi anayehusika ni jike mweupe wa miaka kumi na tisa. Tulimwita Bi Harusi kwa sababu ya mwendo wake. Alikuwa anainua mguu, anafikiri kwanza, ndipo anaukanyaga, ungedhani ukumbi mzima umesimama kumtazama. Watoto wote wa shule ile walianzia mgongoni mwake, na sijui hata mmoja aliyeanguka.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa pili, siku ya Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, Mpole alimkuta amenasa kwenye seng'enge ya uzio wa nyuma. Mguu wa nyuma wa kushoto, chini ya kifundo, ngozi yote ya mbele ilikuwa imechunwa na mfupa unaonekana. Mpole alimshika kichwa na kumsemesha mpaka mimi nikamaliza kukata waya. Daktari alifika saa tano. Aliosha kwa maji ya chumvi, akatazama, akasema hakuna ngozi ya kushonea. Akaniambia, "Mama, hiki ni cha kwako. Miezi minne, mitano. Ukikichoka, kitatushinda." Nikamwambia mimi sijawahi kuchoka kidonda.

Nieleze kidogo ili afande aelewe, maana naona anatazama saa. Farasi akiumia pajani au kifuani, hata uzembee, atapona, kwa kuwa pale pana nyama na damu ya kutosha. Akiumia chini ya goti ni habari nyingine. Pale ni ngozi, kano na mfupa, basi. Ngozi mpya inatambaa pole pole kutoka pembeni, lakini nyama mpya haina subira, inafumuka katikati kama unga uliozidishiwa hamira. Ikishaipita ngozi kwa kimo, ngozi haiwezi kuipanda, na kidonda hakitafunga maisha yake yote. Kwa hiyo tunafunga bandeji ya kubana, nyama ikae chini iingojee ngozi. Ukilegeza, nyama inapanda. Ukikaza mno, damu haishuki kwenye ukwato. Kazi yote iko hapo katikati, na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu wote pale kwamba kidole cha shahada lazima kipite kati ya bandeji na mguu. Kisipopita, fungua, anza upya.

Sheria nyingine pale bandani ni yangu pia: mkono uliofunga ndio unaofungua. Niliiweka zamani, baada ya mtu mmoja kujifanya fundi akafungua bandeji yangu apate kuchungulia, akairudisha ovyo, na ndani ya siku mbili kidonda kikaingia funza. Tangu hapo hakuna anayegusa nilichofunga. Mwaka juzi Mpole alikuta bandeji yangu moja imelegea akairekebisha kwa nia njema. Nilimsema mbele ya watu wote, mbele ya mwenye banda, mpaka nikamaliza maneno. Nilimwambia mkwe asiyejua mipaka ya mkono wake atajua ya nini. Alijibu, "Samahani mama, sitarudia." Na hakurudia.

Kidonda cha Bi Harusi kilikwenda vizuri. Nilikuwa nakipima kwa njiti za kiberiti. Siku ya kwanza kilikuwa njiti tano kwa urefu; kufikia mwanzo wa mwezi wa tatu kilikuwa njiti tatu na kichwa, ngozi ya pembeni ya waridi na safi, harufu hakuna. Nilikuwa na furaha nacho. Kuna watu wanafurahia nguo. Mimi nafurahia ngozi inayotambaa.

Mnamo tarehe 12 mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, daktari alipita saa nne asubuhi akaona nyama ya katikati imeanza kupanda. Alisema atarudi Jumatatu aikate. Kuikata hakumuumi mnyama, haina hisia, lakini inatoa damu nyingi na kidonda kinarudi nyuma wiki mbili. Sikutaka. Nilimwambia niachie mimi, nitaishusha kwa kubana. Akasema, "Sawa, lakini kila siku ifunguliwe, mama. Kila siku." Nikamwambia unamfundisha samaki kuogelea. Maneno hayo niliyasema mbele ya Mpole, na nilikuwa najisikia sana.

Mnamo tarehe 14, siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, nilifunga. Kwa kawaida naweka pamba mapande mawili. Siku hiyo niliweka pande moja, ili mbano uifikie nyama. Nikavuta. Nilipomaliza nilijaribu kidole, hakikupita. Nikajiambia kesho saa moja nafungua, usiku mmoja hautamdhuru. Kama ningemwona mtu mwingine anafanya hivyo ningempokonya bandeji.

Siku hiyo hiyo saa nane mchana binti yangu alishikwa na uchungu, nikampeleka hospitali. Mpole alibaki bandani kwa sababu farasi walikuwa kumi na wanne na watu wawili. Uchungu ulikwenda na kukatika mpaka Ijumaa. Ijumaa saa kumi jioni wakampasua. Mtoto ni wa kike, mzima. Mama yake alipoteza damu nyingi, hawakuniruhusu kuondoka, na mimi mwenyewe nisingeondoka.

Nimeulizwa kama mtuhumiwa aliwasiliana nami katika muda huo. Alinipigia simu mara mbili.

Mara ya kwanza ni Ijumaa, tarehe 15, saa mbili asubuhi. Alisema, "Shikamoo mama. Mgonjwa anaendeleaje?" Nikamjibu bado. Akasema Bi Harusi anapigapiga mguu chini na amekataa kugeuka chumbani mwake. Nikamwambia, "Anadeka huyo. Amezoea kunikuta. Usimguse."

Siku hiyo hiyo jioni, baada ya kusikia mtoto amezaliwa, aliomba ruhusa kwa mwenye banda aje kuwaona. Alikataliwa, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili kulikuwa na mashindano ya watoto. Nimesikia kwamba mwenye banda amewaambia polisi walirushiana maneno na kwamba mkwe wangu alitoa kitisho, eti alisema, "Ipo siku utanikumbuka." Afande, hilo hata mimi nalisema nikinyimwa chumvi. Mtu aliyenyimwa kumwona mtoto wake wa kwanza kama hakusema zaidi ya hapo, basi ndiyo upole wenyewe.

Mara ya pili ni Jumamosi, tarehe 16, saa saba na robo mchana. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye korido ya wodi nikisubiri wabadilishe chupa ya damu. Mpole alisema, "Mama, mguu umevimba juu ya bandeji. Hali majani. Nakuomba nifungue, nitafuata utakavyoniambia, hatua kwa hatua." Alisema nakuomba mara mbili.

Hapa naomba iandikwe vizuri. Nilijua. Alivyosema umevimba juu ya bandeji nilijua ni nini. Neno lilikuwa moja tu, fungua, na hata pumzi halihitaji. Lakini niliona akifungua ataona pamba ni pande moja, atajaribu kidole kama nilivyomfundisha, atajua kwamba Mama Bandeji amefunga kama mtu wa jana. Nikamwambia, "Mkono uliofunga ndio unaofungua. Nakuja kesho." Akasema, "Haya, mama." Nikarudi ndani nikambeba mjukuu wangu.

Nimeulizwa kwa nini hakumwita daktari. Najibu, kwa sababu mimi ndiye ninayemwita daktari. Nimeulizwa tena kwa nini mtu mzima mwenye akili zake asifungue mwenyewe anapoona mnyama anateseka. Angekuwa mtu mwingine angefungua, nikamnunia, yakaisha. Huyu ni mkwe wangu. Alikuwa anaogopa kunivunjia heshima mara ya pili, tena binti yangu akiwa amelala hoi mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyemjaza woga huo, na niliuona kuwa ni adabu.

Mnamo tarehe 17, siku ya Jumapili, saa mbili asubuhi, aliamua kufungua. Hili sikuliona; nalisema kwa yale niliyoyakuta. Bandeji ilikuwa imezama ndani ya uvimbe na fundo halionekani. Alitumia kisu cha kwato, kile chenye ncha iliyopinda, kwa sababu mkasi ninao mimi, naufungia kabatini na ufunguo nautembeza shingoni. Hata hospitali nilikuwa nao. Ukikata bandeji iliyozama kwa kisu cha namna hiyo lazima uchane ngozi, na ngozi iliyokwisha kufa inatoka na bandeji. Damu iliyozuiwa siku tatu ikamwagika. Mwenye banda aliingia wakati huo, akamkuta amepiga magoti, kisu mkononi, damu mpaka viwikoni, na farasi anatetemeka. Mtu aliyetoka kugombana naye juzi. Saa nne polisi walimchukua. Nimeambiwa alichosema ni kwamba, "Ndiyo, nimekata mimi," na hakuongeza.

Mimi nilifika saa sita mchana. Wote walikuwa uwanjani kwenye mashindano, bandani hamna mtu. Bi Harusi alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Niliinama nikatazama. Nilichokuwa nimekilea mwezi mzima, ile ngozi ya waridi, ilikuwa nyeusi. Kano ya mbele imekuwa kijivu. Juu ya ukwato palikuwa na ufa unaotoa maji, mzunguko mzima. Akanigeuzia kichwa, akaniwekea midomo begani kama kila asubuhi. Alikuwa ananitambua, afande. Nililia pale chini na sioni aibu kulisema.

Bandeji ilikuwa sakafuni. Ilikuwa imekatika upande mmoja tu, mizunguko yote iko pamoja, imekauka na umbo la mguu. Yeyote mwenye macho angeuona ule wembamba wa pamba na alama za kubana. Niliiokota, nikaipeleka kwenye pipa la kuchomea, nikaitia moto. Utaratibu wa banda ni kwamba bandeji iliyotumika inachomwa siku hiyo hiyo. Siku zile nilijiambia nimefanya usafi. Leo nasema si usafi. Nilificha.

Daktari alifika saa sita na nusu. Aligusa ukwato kwa vidole viwili akatikisa kichwa. Akasema, "Unaachia. Hapa hakuna la kufunga wala la kufungua." Akauliza bandeji iko wapi. Nikamjibu imechomwa. Akaniangalia, kisha akaandika alichokiona, yaani mikato miwili ya kisu na ngozi iliyochunwa. Hakuandika uongo. Saa nane mchana alimchoma sindano. Nilimshika kichwa mimi, kwa kuwa aliyezoea kumshika alikuwa kwenu. Saa kumi alizikwa nyuma ya uzio, akamwagiwa chokaa mifuko minne. Hata mkifukua leo hamtapata mguu wa kutazama.

Nimeulizwa kwa nini nimenyamaza siku nane. Siku ya kwanza nilisema watamwachia tu, atarudi. Siku ya tatu nilisema akitoka nitamwomba radhi chumbani, wawili tu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo nimewaambia watu wazima wenye farasi wanaochechemea, nikawacheka.

Tarehe 20 binti yangu aliruhusiwa. Aliuliza mume wake yuko wapi, ikabidi aambiwe. Aliniuliza, "Mama, alikata kweli?" Nikamjibu, "Sijui mwanangu, sikuwepo." Nilimjibu hivyo huku nikimfunga tumbo.

Leo asubuhi, saa mbili, nilimkuta binti yangu anakusanya nguo za mume wake kwenye mfuko. Nilidhani anamletea mahabusu. Akasema hapana, anampelekea shemeji yake akaziweke kwao. Akasema, "Mtu wa kumkata mnyama aliyekwisha umia, ipo siku ataniinukia na mimi. Mtoto sitampeleka akamwone." Alisema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kata shauri. Mkwe wangu hajamwona mtoto huyo hata kwa picha, na jina hajapewa kwa sababu tulikuwa tunamngojea yeye.

Ndipo nilipomwambia binti yangu yote haya, kama nilivyokuambia wewe. Sikumaliza. Nilipofika kwenye simu ya Jumamosi aliinuka akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaenda kukaa naye kwenye kizingiti, akanipa mgongo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Ule mfuko wa nguo hakuufungua.

Nimeulizwa kama nina ushahidi wowote zaidi ya maneno yangu. Bandeji niliichoma. Mguu uko kwenye chokaa. Simu mtaona kwamba alinipigia, lakini tuliyosema hayakuandikwa popote. Daktari hakuniona nikifunga. Nimemwonyesha afande mkono wangu, huu wa kulia, ndio uliofunga. Ameniambia mkono si kielelezo.

Ninachoomba ni kwamba Mpole aachiwe. Alichelewa kwa sababu nilimzuia, na alikata kwa sababu nilimwachia kisu badala ya mkasi. Kosa lake ni kunitii. Mkitaka mtu wa kuweka humo ndani, nipo, nimekuja na kanga ya kujifunika.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na niliyoyaona. Nimesomewa kwa sauti, nikarekebisha mahali pawili, na sasa nakiri kwamba yameandikwa kama nilivyosema, kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, chumba namba mbili, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na dakika arobaini mchana. Shahidi alikuwa na akili timamu. Alilia mara moja, akaomba tuendelee.

Saa tisa alasiri mtuhumiwa alitolewa mahabusu ili asomewe maelezo haya mbele ya shahidi. Alimwamkia shahidi, akakataa kukaa mpaka shahidi apatiwe kiti. Baada ya kusomewa alisema: "Afande, mama amechoka, wiki nzima hajalala. Bandeji nilifunga mimi. Nyumbani kuna mzazi na kichanga, hakuna mwingine wa kuwaangalia. Mwache aende." Alipoulizwa alifunga lini na kwa pamba mapande mangapi, alijibu: "Pande moja," na kwamba kidole hakikupita.

Shahidi alisimama akamwambia: "Mwongo wewe." Mtuhumiwa alijibu: "Ndiyo, mama."

Niliuliza tena mara mbili. Alishikilia maelezo yake, akayatia sahihi. Amerudishwa mahabusu. Shahidi ameruhusiwa kuondoka saa tisa na nusu na hadi naandika haya, saa kumi na moja, bado amekaa kwenye benchi la nje.